Pasi za Treni za Bwana na Bibi Mottley

Septemba 7, 1871, treni ziligongana katika kituo cha Randolph, jimboni Kentucky, Marekani. Miongoni mwa walioumia walikuwemo Erasmus Mottley na mkewe, Annie. Kabla ya mwezi mmoja kupita wakapatana na kampuni ya reli ya Louisville & Nashville: wao wasidai fidia, nayo iwape pasi za kusafiri bure maisha yao yote.

Mwaka 1906 Bunge la Marekani lilipiga marufuku safari za bure, maana makampuni ya reli yalizigawa kwa wanasiasa ili kuwavuta upande wao. Mwaka uliofuata kampuni ikakataa kutoa pasi mpya. Akina Mottley wakaishtaki katika mahakama ya shirikisho, wakidai kwamba sheria ile haikuwahusu, na kama iliwahusu, basi iliwanyang'anya mali kinyume cha Katiba. Wakashinda, kampuni ikakata rufaa.

Mawakili walifika Mahakama ya Juu wakiwa tayari kubishania sheria hiyo. Majaji wakaibua jambo ambalo hakuna upande uliolileta: je, shauri hili lilistahili kufunguliwa katika mahakama ya shirikisho? Katiba ya 1787 iliziwekea mipaka mahakama za shirikisho, na majimbo yalihofia kwamba hata hivyo zingezimeza mahakama zao. Kesi za madai zinazotokana na sheria za taifa hazikupata mlango wa kudumu wa kuingia mahakama hizo za shirikisho hadi 1875. Mlango mwingine ni wa kesi kati ya raia wa majimbo tofauti, lakini akina Mottley na kampuni wote walikuwa wa Kentucky.

Mwaka 1908 Jaji William Moody akaandika kwamba madai yenyewe yalihusu mkataba tu. Sheria ya taifa ilitajwa kwa kuwa wadai walitarajia kampuni ijitetee nayo, na utetezi wa mdaiwa, hata ukitajwa mapema, hauifanyi kesi kuwa ya shirikisho. Ushindi ukafutwa. Kanuni hiyo ina manufaa: hakimu anayajua mamlaka yake kwa kusoma hati ya madai, kabla mdaiwa hajajibu neno. Lakini waliobebeshwa gharama yake ni majeruhi wawili ambao hawakuvunja ahadi yoyote.

Wakaanza upya katika mahakama za Kentucky, wakashinda tena. Kampuni ikarudi Mahakama ya Juu, na safari hii ikasikilizwa, kwa kuwa mahakama ya jimbo ilikuwa imekwisha kuamua swali la sheria ya taifa. Jibu likatoka 1911: Bunge lilikuwa na uwezo wa kuutangua mkataba ule. Je, wangeweza sasa kudai haki waliyoiachilia baada ya ajali, takriban miaka 40 nyuma? Jaji John Marshall Harlan aliandika kwamba swali hilo halikuwa mbele yao.