Kiti Kimoja, Chaguzi Tatu: Habari za Wilaya ya 136

Kura 2,320 kwa 487. Hayo ndiyo matokeo ya tarehe 15 Juni 1965 katika Wilaya ya 136 ya Baraza la Wawakilishi la jimbo la Georgia, Marekani, ndani ya jiji la Atlanta. Mshindi alikuwa Julian Bond, kijana wa miaka 25. Aliyeshindwa, Malcolm Dean, alikuwa mlezi wa wanafunzi wa kiume pale Atlanta University. Wilaya nzima ilikuwa na wapiga kura kama 6,500, na karibu 6,000 kati yao walikuwa Weusi. Kwa Marekani huo ni uchaguzi mdogo kabisa, saizi ya kata tu.

Sisi waandishi wa habari tumezoea kesi za uchaguzi ambazo watu wanagombania hesabu: fomu imefutwafutwa, sanduku limechelewa, wakala kafukuzwa kituoni. Hapa hapakuwa na ubishi wowote wa hesabu. Kila mtu alikubali kwamba Bond ameshinda. Ila wenzake bungeni walisema hawamtaki, na wapiga kura wa 136 wakalazimika kumchagua mtu yuleyule mara tatu, mbali na mchujo wa chama, kabla hajakalia kiti.

Tuanze na wilaya yenyewe, maana haikuwa ya zamani. Georgia ina kaunti 159, na kwa miaka mingi kila kaunti ilipata angalau mwakilishi mmoja hata kama wakazi wake wangeenea kwenye uwanja wa mpira. Kwa sensa ya 1960, kaunti ya Echols ilikuwa na watu 1,876 na mwakilishi mmoja. Kaunti ya Fulton, penye Atlanta, ilikuwa na watu 556,326 na wawakilishi watatu. Piga hesabu mwenyewe: mwakilishi mmoja wa Fulton alibeba watu zaidi ya 185,000. Mpango huo uliwapa nguvu Wazungu wa mashambani na kuwabana watu wa mjini, na Weusi wa Atlanta walikuwa watu wa mjini. Mahakama ya shirikisho ndiyo iliyolazimisha mipaka ichorwe upya kwa kufuata idadi ya watu, na uchaguzi wa Juni 1965 ukaitishwa kwa sababu hiyo. Watu wengi wanadhani Bond alitokana na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Sheria hiyo ilisainiwa tarehe 6 Agosti, wiki saba baada ya yeye kushinda. Kilichomfungulia mlango ni mpaka mpya.

Nawaandikia wapenzi wa fasihi, kwa hiyo niseme na hili: Bond alikuwa mshairi. Mashairi yake yaliingia kwenye mkusanyiko wa washairi vijana Weusi uliohaririwa na Langston Hughes mwaka 1964. Baba yake, Horace Mann Bond, aliwahi kuwa rais wa Lincoln University, chuo alichosoma Kwame Nkrumah. Yeye mwenyewe aliacha masomo ili kufanya kazi na SNCC, kamati ya wanafunzi waliokuwa wakipigania haki za raia bila kutumia ghasia. Huko alikuwa mkurugenzi wa mawasiliano, yaani mtu wa kuandika taarifa na kupokea simu za waandishi. Simu ndiyo iliyomponza.

Tarehe 3 Januari 1966, Samuel Younge, mwanafunzi wa Tuskegee na mwanachama wa SNCC aliyewahi kutumikia jeshi la wanamaji, alipigwa risasi na kufa kwenye kituo cha mafuta huko Alabama baada ya kutaka kutumia choo cha Wazungu. Alikuwa na miaka 21. Siku tatu baadaye SNCC ikatoa tamko la kupinga vita vya Vietnam. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: serikali inayoshindwa kumlinda kijana kama huyu nyumbani kwao inapata wapi mdomo wa kudai inapigania uhuru ng'ambo? Tamko likawaunga mkono vijana waliokataa kuitwa jeshini. Bond hakuliandika. Siku hiyohiyo mwandishi wa redio moja iliyogharamiwa na jimbo alimpigia kumuuliza kama analiunga mkono. Akajibu kwamba ndiyo, analiunga mkono. Hakuzungukazunguka, hakusema atarudi kwao na jibu.

Kwa hiyo Jumatatu ya tarehe 10 Januari, alipofika bungeni kuapishwa pamoja na wenzake, karani alikataa kumpa kiapo. Wajumbe 75 walikuwa wameweka pingamizi. Kamati ikaketi, mahojiano ya simu yakaletwa kama ushahidi, Bond akaulizwa kuhusu vijana wanaochoma kadi zao za jeshi. Akasema anaheshimu ujasiri wao, ila hajawahi kumshawishi mtu achome ya kwake, na yake anayo mfukoni, wakitaka atawaonyesha. Kamati ikapiga kura 23 kwa 3 asiapishwe. Jioni Baraza zima likapiga 184 kwa 12.

Hawa waliomkataa walikuwa wa chama gani? Democrats, chama chake mwenyewe, kilichotawala Georgia tangu enzi za mababu.

Kwa watu wa 136 picha hii haikuwa ngeni. Septemba 1868, miaka mitatu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, bunge hilohilo liliwafukuza wajumbe wake Weusi kwa hoja kwamba katiba iliwapa haki ya kupiga kura lakini haikuwapa haki ya kushika madaraka. Mmoja wao, Henry McNeal Turner, aliwahutubia kabla ya kutoka. Walirudishwa mwaka 1870 kwa nguvu ya serikali kuu, na baada ya muda wakafifia tena. Kuanzia 1907 hadi 1963 hapakuwa na mjumbe Mweusi hata mmoja. Ndiyo maana siielewi hoja ya wanaosema kilichotokea 1966 kilihusu Vietnam tu.

Hoja ya Georgia nayo tuitendee haki. Katiba ya jimbo ililipa Baraza mamlaka ya kuamua sifa za wajumbe wake, na sifa mojawapo ni kuapa kuilinda Katiba ya Marekani. Mtu anayeshabikia wanaokwepa jeshi, walisema, ataapaje kwa moyo mweupe? Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu Bond alikuwa tayari kuapa. Hakuna neno hata moja la kiapo alilolikataa. Walichotaka ni kuupima moyo wake, na mizani washike wao. Mahakama ya shirikisho ya majaji watatu iliwakubalia, wawili kwa mmoja.

Kesi hiyo Bond hakuifungua peke yake. Mmoja wa walioshtaki pamoja naye alikuwa mkazi wa wilaya yake, Martin Luther King, kwa hoja kwamba yeye kama mpiga kura amenyang'anywa mwakilishi.

Wakati rufaa inasubiri, gavana akaitisha uchaguzi mdogo wa kujaza kiti "kilicho wazi". Februari 1966 Bond akagombea, akashinda kwa kishindo. Kamati ikamwita tena: je, unafuta maneno yako? Hafuti. Basi, kiti kikabaki kitupu. Septemba akashinda mchujo wa chama, na tarehe 8 Novemba akashinda uchaguzi mkuu. Kwa mwaka mzima watu wa 136, waliokuwa wamemtuma akadai kima cha chini cha mshahara cha dola 2 kwa saa, hawakuwa na sauti bungeni. Kodi walilipa kama kawaida.

Katikati ya hayo kuna uzi unaofika kwetu. Desemba 1963, siku chache tu baada ya Kenya kupata uhuru, Oginga Odinga, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alipita Atlanta. Vijana wa SNCC walimfuata hotelini wakamwimbia, kisha wakaenda mgahawa wa jirani uliokataa kuwahudumia Weusi na wakakamatwa. Kundi lao la Freedom Singers likamtungia wimbo wenye jina lake. Sasa angalia tarehe. Aprili 1966, Odinga alipojiuzulu umakamu wa rais na kuhamia KPU, Bunge la Kenya lilibadili katiba haraka ili anayehama chama arudi kwa wapiga kura. Uchaguzi ule mdogo wa Juni uliwahusu wabunge 29. Odinga alirudi kutoka Bondo (ndiyo, Bondo), lakini KPU ikapigwa marufuku mwaka 1969 na yeye akawekwa kizuizini. Mwaka mmoja, nchi mbili, na watu waliowahi kuimbiana. Bond alipata kimbilio ambalo Odinga hakulipata.

Kimbilio hilo lilisema tarehe 5 Desemba 1966. Mahakama ya Juu, majaji wote tisa, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Earl Warren, iliamua kwamba jimbo halina mamlaka ya kupima ukweli wa kiapo cha mjumbe kwa sababu ya maoni yake. Kikubwa zaidi, ilikataa dai kwamba mjumbe ana uhuru finyu wa kusema kuliko raia wa kawaida. Warren aliligeuza: mjumbe anawajibika kusema msimamo wake kwenye mambo yenye ubishi, ili waliomchagua wajue wamemtuma nani. Kesi inaitwa Bond v. Floyd. Floyd ni James "Sloppy" Floyd, mjumbe aliyekuwa mstari wa mbele kumpinga. Leo kuna jengo la serikali lenye jina lake jirani na bunge la Georgia, na anwani yake ni namba 2, Martin Luther King Jr. Drive. Atlanta haina haya.

Bond aliapishwa tarehe 9 Januari 1967. Kesho yake bunge hilo likamteua gavana, kwa sababu kwenye uchaguzi wa Novemba hakuna mgombea aliyevuka nusu ya kura. Howard Callaway wa Republican ndiye aliyekuwa na kura nyingi. Wakamchagua wa pili, Lester Maddox, mwenye mgahawa aliyepata umaarufu kwa kuwafukuza wateja Weusi akiwa na bastola na mipini ya mashoka. Mahakama ileile ya Juu ilikuwa imeruhusu utaratibu huo, tano kwa nne, wiki moja tu baada ya kumrudishia Bond kiti chake.

Mwaka 1967 Bond alitoa kitabu cha katuni kuhusu Vietnam, kilichochorwa na T. G. Lewis. Alibaki Baraza la Wawakilishi hadi 1975, kisha Seneti ya jimbo hadi 1987. Mipaka ilichorwa tena na tena, namba zikabadilika, na Wilaya ya 136 ya sasa iko nje kabisa ya Atlanta.