Madini Nayo Huchoka

Ndugu msomaji, chukua kipande cha waya ukikunje, kisha ukikunjue, ukikunje tena. Mara ya kwanza hakidhuriki. Ukiendelea hukatika, na nguvu hukuongeza hata kidogo. Jambo hili kila mtoto alijua. Wenye elimu walikawia kulitia maanani.

Tarehe 8 Mei 1842, huko Meudon, Ufaransa, garimoshi lililokuwa likitoka Versailles kurudi Paris lilivunjika ekseli ya kichwa chake. Mabehewa yakapandana, moto ukashika, na abiria walikuwa wamefungiwa milango kwa ufunguo! Zaidi ya watu 50 walikufa, miongoni mwao baharia mashuhuri Dumont d'Urville pamoja na mkewe na mwanawe. Baadaye Mjerumani August Wöhler, mhandisi wa reli, alizijaribu ekseli kwa miaka mingi, akathibitisha kuwa mzigo mdogo unaorudiwa mara nyingi huvunja kile ambacho mzigo mkubwa wa mara moja haukukivunja.

Kwa nini? Mwaka 1934 Profesa G. I. Taylor wa Cambridge, na Orowan, na Polanyi, kila mmoja kwa njia yake, walieleza. Chembe za madini zimepangwa safu safu, lakini safu hizo zina kasoro. Wataka kusogeza busati zito? Huliburuti lote, walitia mkunjo upande mmoja, ukausukuma hadi upande wa pili. Ndivyo kasoro zinavyotambaa ndani ya madini. Zikienda na kurudi, huacha alama usoni mwake, na hapo ufa hupata pa kuanzia.

Ndege ya Comet iliyofungua safari za abiria kwa jeti, tarehe 2 Mei 1952, kutoka London hadi Johannesburg kupitia Entebbe, ndiyo iliyopasuka angani karibu na Elba tarehe 10 Januari 1954. Watu 35 walikufa. Ndege za namna hiyo zikasimamishwa, zikarekebishwa hapa na pale, na tarehe 23 Machi zikarushwa tena hali sababu haijajulikana. Hapo, msomaji, ndipo tunaposhindwa kuwapa udhuru. Siku 16 baadaye nyingine ilianguka karibu na Naples, na watu 21 wakafa.

Ndipo huko Farnborough Comet moja ilipotiwa katika tangi, maji yakasukumwa ndani na kutolewa, kila mara kama safari moja. Zilipotimia safari 3,057, za angani na za tangini, bati likapasuka. Na ile ya Elba, ilipoopolewa baharini, ilionekana ilikwisha kuruka mara 1,290 tu.