Mzee Hutton na Ukuta wa Hadrian

Mwaka 1801 mzee William Hutton, mwenye umri wa miaka 78, alitoka kwao Birmingham kwa miguu kwenda kuutazama ukuta ambao Warumi waliujenga kaskazini mwa Uingereza kulinda mpaka wa dola yao. Urefu wake wapata kilomita 117. Aliufuata mpaka mwisho, kisha akarudi kwa njia ile ile. Mahali paitwapo Planetrees aliwakuta watu wakiubomoa ili mawe yakajenge nyumba ya shamba. Akamtumia mwenye shamba ujumbe wa kumsihi aache. Kipande kilichosalia hapo hata leo chahesabiwa kuwa ni matunda ya ombi lile.

Lakini Hutton, kama wasomi wengi wa zama zake, aliamini kuwa ukuta wa mawe ni kazi ya Kaisari Severus. (Katika mtihani ningemkosesha!) Ndipo mwaka 1840 John Hodgson, kwa kuyasoma maandishi yaliyochongwa katika mawe, alipoonyesha kuwa mjenzi ni Hadrian, aliyeuanzisha mwaka 122. Laiti mawe hayo nayo yangalijengewa mazizi!

Wakili John Clayton hakusihi mtu: tangu mwaka 1834 alinunua mashamba yenyewe, moja baada ya moja.