Memori Iliyowagombanisha Wenye Hisa

Mei 1997, kampuni changa ya California iitwayo Rambus ilipeleka hisa zake sokoni kwa dola 12. Hadi soko linafungwa siku hiyo, zilikuwa zimevuka dola 30. Kampuni yenyewe haikuwa na kiwanda hata kimoja. Mtaji wake ulikuwa hataza na ahadi ya Intel.

Waasisi wake, Mike Farmwald na Mark Horowitz, walikuwa wameona tangu 1990 kwamba prosesa zinaongeza kasi kila mwaka huku memori ikibaki nyuma. Dawa yao ilikuwa njia nyembamba ya biti 16 inayokwenda mbio kupindukia. Memori hiyo, RDRAM, ilipitisha gigabaiti 1.6 kwa sekunde, mara mbili ya SDRAM, memori ya kawaida ya siku zile. Mwaka 1996 toleo lake la awali, la kasi ndogo zaidi, lilikuwa tayari ndani ya Nintendo 64, na mwaka huohuo Intel ikaichagua RDRAM kwa kompyuta zake zijazo.

Wawekezaji wakagawanyika. Waliotabiri neema walipiga hesabu nyepesi: Intel ikiamua, kompyuta zote zitafuata, na kila chipu itakayouzwa duniani itailipa Rambus mrabaha bila yenyewe kugharamia kiwanda. Waliotilia shaka waliuliza swali ambalo kwangu ndilo lililokuwa na uzito: watengenezaji wa chipu watakubali kulipa? Chipu za RDRAM zilikuwa kubwa zaidi, zilipata moto, na zilidai mashine mpya za kupimia. Samsung ilijitosa, wengine walisitasita, wakaelekeza nguvu kwenye DDR, iliyokuwa SDRAM ileile iliyoboreshwa.

Ubishi ungeweza kuamuliwa kwa kufungua kompyuta moja tu yenye RDRAM. Nafasi ya memori isiyotumika haikuruhusiwa kubaki wazi. Ilibidi ijazwe kibao kisicho na chipu yoyote, ili mawimbi ya umeme yapite hadi mwisho wa njia. Mnunuzi aliyelipia memori ghali mara kadhaa kuliko SDRAM alikuwa analipia na vibao vitupu.

Septemba 1999, siku chache kabla ya uzinduzi, Intel ilisitisha chipuseti yake ya 820 (chipu zinazounganisha prosesa na memori), kwa kuwa bodi kuu zenye nafasi tatu za RDRAM zilikuwa zinapoteza data. Ikatoka Novemba ikiwa na nafasi mbili, na majaribio yakaonyesha kwamba mtumiaji wa kawaida anapata nafuu ndogo mno. Ajabu ni kwamba hisa za Rambus hazikujali. Machi 2000 moja ilipita dola 400. Juni kila hisa ikagawanywa kuwa nne, na bado ikavuka dola 100.

Wakati huo, hata hivyo, wanunuzi wa hisa walikuwa wameshahamishia matumaini mahakamani. Rambus ilikuwa inadai kwamba hata SDRAM na DDR, yaani memori za wapinzani wake, zinatumia hataza zake. Toshiba na Hitachi zikakubali kulipa. Infineon ikakataa, nayo ikaibua hoja kwamba Rambus ilihudhuria vikao vya JEDEC, chombo cha kuweka viwango vya memori, bila kufichua ilichokuwa inakiombea hataza. Mei 2001 wazee wa baraza huko Virginia waliiona Rambus na hatia ya ulaghai. Mahakama ya rufaa ilitengua uamuzi huo mwaka 2003.

Intel haikungoja hukumu hizo. Oktoba 2000 mkuu wake, Craig Barrett, alikiri hadharani kwamba kutegemea teknolojia ya kampuni nyingine kulikuwa kosa, na kufikia 2002 Pentium 4 zilikuwa zinauzwa na DDR. Hisa za Rambus zilikuwa zimeshaanguka chini ya dola 10.

Baadaye ilibainika kwamba watengenezaji wakubwa wa memori walikula njama kupanga bei. Samsung pekee ilitozwa faini ya dola milioni 300 mwaka 2005. Rambus ikadai njama hiyo ndiyo iliyoiua RDRAM, lakini mwaka 2011 wazee wa baraza wa San Francisco hawakukubaliana nayo. Kampuni bado ipo, na sehemu kubwa ya mauzo yake sasa ni chipu saidizi zinazofungwa kwenye memori za seva za aina ya DDR5.