Kizio, na Kiwavi Apimaye

Neno kizio, ambalo kwa wenyeji wa pwani ni nusu ya nazi iliyovunjwa, na kwa walimu wa jiografia ni nusu ya dunia, lina maana ya tatu katika ilimu ya hisabati: ni kile kiasi kimoja maalumu tukirudiacho tena na tena tupimapo kitu, kama vile inchi, mita au shibiri. Wapo wasemao kwamba neno kipimo lingetosha. Nami siwaafiki, maana kipimo ni rula yenyewe, na ni tendo la kupima, na tena ni jawabu lipatikanalo, na neno lililokwisha kubeba mizigo mitatu halifai kutwishwa wa nne.

Mtoto wa chekechea, asiyejua bado kusoma, atafahamishwaje maana hii? Walio wengi hudhani kwamba sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati huanza kwa vifaa vya ghali, ilhali kitabu kimoja cha picha kilichochaguliwa kwa busara chaweza kutenda mengi. Kile cha Leo Lionni, *Inch by Inch*, kilichotoka Marekani mwaka 1960, chasimulia khabari za kiwavi wa kijani ambaye, alipokaribia kuliwa na ndege, aliiokoa roho yake kwa kudai kuwa yeye ni mpimaji. Akaupima mkia wa ndege yule akapata inchi 5, kisha akapima shingo ya heroe, na mdomo wa tukani, na miguu ya korongo.

Kizio hapo ni mwili wa kiwavi, usioongezeka wala kupungua. Mwalimu hodari hatasoma mbio, bali atawapa watoto vijiti vilivyokatwa sawasawa wavipange juu ya meza, kimoja baada ya kimoja, pasi na mwanya wala kupandana; kwani wengi wao, wakiachiwa, huruka nafasi kisha wakahesabu kwa furaha, jawabu likawa pungufu. Halafu awape vijiti virefu maradufu: idadi itashuka kwa nusu, na meza ni ile ile. Mshangao huo ndio roho ya istilahi yenyewe. Wajaribu na shibiri pia, waone ya mwalimu ilivyoishinda yao. Kwa sababu ya tofauti kama hizo Marekani, Uingereza na nchi nyinginezo ziliafikiana mwaka 1959 kwamba inchi iwe sentimita 2.54 barabara.

Mwisho wa hadithi, ndege mwimbaji amtaka kiwavi aupime wimbo wake, la sivyo atamla. Naye kiwavi akaenda akipima, inchi baada ya inchi, hata akatoweka machoni. Watoto huicheka hila hiyo, na wana haki. Lakini mwalimu asiifunge khabari hapo, kwani wimbo nao hupimika, ila si kwa inchi: muda wake huhesabiwa kwa sekunde, au, kwa wasiojua saa, kwa makofi ya mwendo mmoja, mtoto mmoja akiimba na wenziwe wakipiga.