Upimaji wa kiungulia sugu

Upimaji wa kiungulia sugu ni uchunguzi wa kitabibu unaobainisha kama kiungulia kinachoendelea licha ya dawa za kupunguza tindikali, kwa mfano omeprazoli, kweli kinatokana na tindikali ya tumbo kupanda kwenye umio. Kuongeza dozi bila kupima ni kubahatisha, kwa kuwa chanzo kinaweza kuwa umio unaohisi kupita kiasi, au akalasia, ugonjwa ambao vali ya chini ya umio hailegei inavyopaswa. Endoskopia hutangulia, lakini umio usio na michubuko si ushahidi kwamba tindikali haipandi. Ndiyo maana hufuata kipimo cha pH cha saa 24. Mrija mwembamba hupitishwa puani hadi kihisio kikae sentimita 5 juu ya vali hiyo, na mgonjwa huendelea kula na kulala nyumbani kwake, akibonyeza kitufe kila anapohisi kuungua.

Kwa mujibu wa Makubaliano ya Lyon ya 2018, mwafaka wa wataalamu, pH ikiwa chini ya 4 kwa zaidi ya asilimia 6 ya muda, ugonjwa wa tindikali kupanda kwenye umio umethibitika. Chini ya asilimia 4 ni kawaida. Hoja kwamba siku moja haitoshi ina uzito, nayo imejibiwa kwa kifaa kisicho na waya, kinachobandikwa umioni na kurekodi hadi saa 96. Ambaye ugonjwa wake haujawahi kuthibitishwa hupimwa baada ya kusitisha dawa, kwa maelekezo ya daktari. Aliyekwisha kuthibitishwa hupimwa akiwa anaitumia, kwa mrija unaotambua pia majimaji yasiyo na tindikali.