Njia Ndani ya Mti wa XML

Tarehe 10 Februari 1998 shirika la W3C liliidhinisha XML 1.0, iliyohaririwa na Tim Bray, Jean Paoli na C. M. Sperberg-McQueen. Ilikuwa ni SGML, kiwango cha kimataifa cha mwaka 1986, iliyopunguzwa uzito ili ifae kwenye wavuti. Kuandika waraka wa XML hakukumsumbua mtu. Kazi ilikuwa kupata kitu ndani yake.

Mwaka huohuo zikazuka njia mbili. Mei ilitoka SAX, iliyoongozwa na David Megginson. Hiyo husoma waraka toka juu hadi chini na kuiarifu programu kila tagi inapofunguka au kufungwa. Haihifadhi chochote, hivyo faili kubwa kuliko kumbukumbu ya kompyuta haliitishi. Lakini kilichopita kimepita, na ni juu ya mwandishi wa programu kukumbuka yuko ndani ya tagi gani. Oktoba W3C ikatoa DOM, ambayo hujenga mti mzima kwenye kumbukumbu, kila nodi ikimjua mzazi wake, watoto wake na ndugu zake.

Mti upo, ila kuuzunguka kulichosha. Kupata majina ya vitabu vilivyochapwa baada ya 1990 kulitaka kitanzi ndani ya kitanzi. Tena DOM huhesabu hata nafasi tupu kati ya tagi kuwa nodi, kwa hiyo aliyeomba mtoto wa kwanza wa orodha mara nyingi alipewa mruko wa mstari badala ya kitabu. Wengi walikesha kwa kosa hilo.

Ndani ya W3C, watu wa XSLT (lugha ya kubadilisha nyaraka za XML) na wa XPointer (ya kuelekeza ndani ya nyaraka hizo) walikuwa wakitafuta, kila kundi kivyake, namna ya kutaja sehemu za waraka. Wakaunganisha nguvu, na tarehe 16 Novemba 1999 ikatoka XPath, wahariri wakiwa James Clark na Steve DeRose. Vitanzi vyote vile vikawa mstari mmoja:

//kitabu[@mwaka > 1990]/jina

Huenda hilo ndilo tunda bora kuliko yote yaliyotokana na XML. Mitego ipo, hata hivyo: //kitabu[1] haileti kitabu cha kwanza cha waraka, bali cha kwanza chini ya kila mzazi. Anayetaka kimoja tu huandika (//kitabu)[1].

Kasi nayo ilileta aibu. Mwaka 2002 Georg Gottlob, Christoph Koch na Reinhard Pichler walionyesha kwamba injini zilizotumika wakati huo zingeweza kuongeza muda maradufu kwa kila hatua iliyoongezwa kwenye swali, wakatoa na mbinu ya kuepuka hilo.

XPath 2.0 ilifuata 2007, na 3.1 ikaja 2017. Vivinjari vikubwa havikupokea hata moja kati ya hizo; anayeita document.evaluate, amri ya JavaScript ya kuuliza kwa XPath ndani ya kivinjari, leo bado anatumia kanuni za 1999.